Mbwa Ana Saratani, Anayetibiwa Ni Nani?

Sifa za uyoga katika tiba ya saratani ya mbwa zimesimama juu ya mbwa watano. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha jaribio lao kuhusu mbwa 15 wenye hemanjiosakoma ya bandama, saratani inayoanzia kwenye kuta za mishipa ya damu na inayoua haraka. Mbwa akitolewa bandama asipewe tiba nyingine, kwa kawaida huishi mwezi mmoja hadi mitatu. Mbwa hao waligawanywa makundi matatu ya watano watano, kila kundi likapewa kipimo chake cha dondoo la uyoga wa Coriolus versicolor, ule mgumu wenye mistari ya rangi unaoota kwenye magogo. Katika kundi la kipimo kikubwa kabisa, muda wa kati wa kuishi, yaani ule ambao nusu ya mbwa waliuvuka, ulifika siku 199. Hapakuwa na kundi la mbwa wasiopewa uyoga ili kulinganisha. Hata hivyo ile 199 ilitoka maabara, ikaingia kwenye matangazo ya makopo ya unga wa uyoga na kwenye mazungumzo ya kila mwenye mbwa mgonjwa, na mpaka leo haijatoka humo.

Kilichofuata hakikusambaa hivyo. Chuo hicho hicho kilirudia swali kwa mbwa 101, safari hii wakigawanywa kwa bahati nasibu: wengine walipewa uyoga peke yake, wengine doksorubisini, dawa ya tibakemikali, wengine vyote viwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022. Uyoga haukuishinda doksorubisini, na kuuongeza juu ya doksorubisini hakukurefusha maisha ya mbwa. Chuo kilichopanda tumaini ndicho kilicholing'oa, nami nakipa heko kwa hilo, maana ni rahisi mno kuishia kwenye chapisho la kwanza na kufurahia makofi.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu mjadala wa tiba mbadala kwa wanyama umekaa upande. Umegeuzwa kuwa ugomvi wa mitishamba na sindano, wa vitu vya asili na vya kiwandani, na kila mtu anachagua upande wake kama anayechagua timu. Mimi nadhani maswali yenye maana ni machache na ni makavu. Nani alipima? Alipima mbwa wangapi, akalinganisha na nini? Na la mwisho, ambalo halipendwi: aliyepata nafuu ni mbwa, au ni mwenye mbwa?

Ule ugomvi wa asili na kemikali wenyewe haudumu ukifunua kabati la daktari wa wanyama. Vinkristini, dawa inayotumika sana kwa mbwa wenye limfoma, saratani ya chembechembe nyeupe za kinga, inatokana na mmea wa maua wa Madagaska. Doksorubisini hutengenezwa na bakteria wanaoishi udongoni. Mwaka 2020 mamlaka za dawa za Ulaya na za Marekani ziliidhinisha tigilanoli tiglati, dawa inayotokana na mbegu za mti wa msitu wa mvua wa Queensland, Australia, kwa ajili ya kudunga moja kwa moja ndani ya uvimbe wa seli za masti, saratani ya seli za kinga ambayo kwa mbwa hutokea sana ngozini. Katika jaribio lake kuu, uvimbe ulitoweka kabisa ndani ya siku 28 kwa asilimia 75 ya mbwa waliochomwa sindano moja, wakati katika kundi la kulinganisha ulitoweka kwa asilimia 5 tu. Hiyo ni mitishamba iliyokubali kupimwa. Ikishapimwa na kufaulu watu huacha kuiita mbadala, na nadhani hapo ndipo wauzaji wa unga wa majani wanapopata nafasi ya kusema madaktari wanaidharau mimea.

Wala si kweli kwamba dawa hupuuzwa kwa kuwa ni rahisi. Piroksikamu ni dawa kuukuu ya maumivu ya viungo, isiyo na mvuto wowote. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Purdue waligundua kwamba mbwa wenye saratani ya kibofu waliopewa dawa hiyo kwa ajili ya maumivu walikuwa wakipata kitu zaidi ya kutulizwa. Wakaipima kwa mbwa 34, wakachapisha mwaka 1994: mbwa wawili uvimbe wao ulitoweka, wanne ulipungua kwa kiasi kikubwa, 18 ulisimama ulipokuwa. Si muujiza. Lakini tangu hapo piroksikamu na ndugu zake zimo kwenye matibabu ya kawaida ya saratani hiyo, kwa sababu tu mtu alihesabu na kuandika, pamoja na wale 10 ambao haikuwasaidia.

Sasa nirudi kwenye swali lisilopendwa. Watu husema dawa isiyo na kitu ndani haiwezi kumdanganya mbwa, kwa kuwa mbwa hajui kwamba amepewa dawa. Ni kweli, ila anayeulizwa hali ya mbwa si mbwa. Mwaka 2012 kulichapishwa utafiti wa mbwa 58 wenye maumivu ya viungo waliokuwa wakipewa vidonge visivyo na dawa. Mbwa hao walipitishwa kwenye sahani maalumu inayopima uzito ambao kila mguu unabeba, na wakati huo huo wenye mbwa na madaktari wakaulizwa wanaonaje. Sehemu kubwa yao, madaktari wakiwemo, walisema mbwa anatembea vizuri zaidi. Sahani ikasema hakuna kilichobadilika. Hao hawakuwa watu wajinga. Walikuwa watu wanaompenda mnyama, waliochoka kumwona akiumia, na jicho la namna hiyo huona linachotaka kuona.

Hamisha hali hiyo kwenye saratani. Ugonjwa huu haushuki kwa mstari ulionyooka. Una siku nzuri na siku mbaya. Mbwa mwenye hemanjiosakoma anaweza kuvuja damu kidogo tumboni akalala siku nzima ufizi ukiwa mweupe, kisha mwili ukaifyonza ile damu, na kesho yake akaamka akitingisha mkia. Kama jana jioni ulimpa matone ya mmea fulani, utaapa kwamba matone ndiyo yaliyomwinua, na utamsimulia jirani. Jirani naye atasimulia. Wale ambao mbwa wao walikufa wiki ileile hawana cha kusimulia, wamenyamaza.

Tuje kwenye chakula, maana hapo ndipo wenye mbwa wengi hutaka kuanzia, na nawaelewa. Chakula ndicho kitu pekee ambacho bado kiko mikononi mwako baada ya daktari kutamka lile neno. Dai linalosikika kuliko yote ni kwamba sukari hulisha saratani, kwa hiyo mbwa aondolewe wanga wote apewe nyama na mafuta. Chanzo chake ni cha heshima. Mjerumani Otto Warburg, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1931, ndiye aliyeonyesha katika miaka ya 1920 kwamba seli za uvimbe hula glukosi kwa pupa na kuichachusha hata pale oksijeni inapokuwepo. Hilo halibishaniwi. Tatizo ni hatua inayofuata. Ukimnyima mbwa wanga, ini lake hutengeneza glukosi kutokana na protini, na sukari ya damu hubaki palepale ilipokuwa. Uvimbe haulali njaa. Tena mbwa, kuliko binadamu, ni mgumu kuingizwa katika ile hali ambayo mwili huendeshwa kwa mafuta badala ya sukari. Kwa hiyo hata lile lengo la mlo wenyewe kwake ni gumu kufikiwa, na mafuta mengi mno yanaweza kumletea uvimbe wa kongosho, maumivu ambayo simwombei mnyama yeyote.

Kuna utafiti mmoja ambao watetezi wa mlo huu huutaja mara kwa mara, na unastahili kusomwa kwa makini kuliko unavyosomwa. Mwaka 2000 Gregory Ogilvie na wenzake walichapisha jaribio la mbwa 32 wenye limfoma. Wote walipewa doksorubisini. Nusu walikula chakula kilichoongezwa mafuta ya samaki na arjinini, kijenzi kimoja cha protini, nusu walikula chakula hicho hicho lakini kikiwa na mafuta ya soya. Miongoni mwa mbwa waliokuwa katika hatua ya tatu ya ugonjwa, wale ambao damu yao ilikuwa na kiwango kikubwa cha DHA, moja ya asidi za mafuta za omega-3, walikaa muda mrefu zaidi kabla ugonjwa haujarudi, na waliishi muda mrefu zaidi. Ni matokeo mazuri, nami ningeyatilia maanani. Ila tazama kilichopimwa. Kilipimwa mafuta, wanga haukupimwa. Na mafuta hayo yalikwenda bega kwa bega na tibakemikali, hayakuchukua nafasi yake. Anayekuambia kwamba utafiti huu unathibitisha mlo usio na wanga unaweza kumaliza limfoma peke yake, ama hakuusoma, ama aliusoma akafumba jicho moja.

Kwa hiyo mafuta ya samaki ningeyazungumza na daktari bila wasiwasi, kwa kipimo. Yakizidi huleta kuhara na kupunguza uwezo wa damu kuganda, jambo ambalo kwa mbwa anayesubiri upasuaji si dogo. Na mtu asiyadhanie kuwa ndiyo mafuta ya ini la samaki. Hayo yana vitamini A na D nyingi, na vitamini hizo mwili hauzitoi kirahisi, hujilundika hadi zikawa sumu.

Mboga nazo zina utafiti wao. Mwaka 2005 watafiti wa Purdue walichunguza mbwa wa aina ya Scottish Terrier, ambao kwa asili yao hupata saratani ya kibofu mara nyingi sana kuliko mbwa wengine, wakakuta kwamba waliokula mboga za majani au za rangi ya manjano na machungwa angalau mara tatu kwa wiki walikuwa wachache zaidi miongoni mwa wagonjwa. Habari njema, lakini inahusu mbwa ambaye bado hajaugua. Kutoka hapo hadi kusema kwamba karoti hutibu uvimbe uliokwisha kuota ni safari ndefu ambayo hakuna aliyeithibitisha.

Kupika nyumbani je? Moyo unapenda, hesabu inakataa. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha California, Davis, kilichambua mapishi 200 ya chakula cha mbwa yaliyokuwa yakisambazwa, mengine yakiwa yameandikwa na madaktari wa wanyama. Asilimia 95 yalipungukiwa angalau kirutubisho kimoja cha lazima. Nyama tupu, kwa mfano, ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, na mwili wa mbwa hulipa deni hilo kwa kuchota kwenye mifupa yake mwenyewe. Anayetaka kupika anaweza, ila awe na pishi lililopangwa na mtaalamu wa lishe ya wanyama kwa ajili ya mbwa huyo, akizingatia figo zake, ini lake na dawa anazotumia. Nyama mbichi siipendekezi kabisa kwa mbwa aliye kwenye tibakemikali. Siku kadhaa baada ya dozi, chembechembe nyeupe za damu hushuka, na bakteria wa salmonela ambao kwa mbwa mzima wangepita bila kelele humkuta hana askari.

Jambo lenye uzito kuliko yote katika lishe ya mbwa mwenye saratani huzungumzwa kidogo kwa sababu halina mtu wa kuliuza. Mbwa ale. Asipoteze misuli. Mlo bora duniani uliobaki kwenye bakuli haumsaidii mtu. Chakula kikipashwa moto kidogo hutoa harufu inayomvuta, na milo midogo midogo huliwa vizuri zaidi kuliko mmoja mkubwa. Kuna kosa ambalo watu wema hufanya sana: mbwa akiwa anasikia kichefuchefu, wanamletea chakula anachokipenda kuliko vyote, tena wamefukia vidonge vichungu ndani yake. Mbwa huunganisha ladha hiyo na kuumwa kwake, na chakula kile hatakigusa tena hata akipata nafuu. Kichefuchefu kitibiwe kwanza. Dawa zake zipo, kama maropitanti, na ya kuongeza hamu ya kula, kapromorelini, iliidhinishwa kwa mbwa huko Marekani mwaka 2016. Baada ya hapo ndipo mzungumze mapishi.

Kuna mambo mengine ambayo kuyaita mbadala ni kuyapamba. Kitunguu saumu husifiwa kwamba husafisha damu, ilhali kwa mbwa, kikiwa kingi, sawa na kitunguu maji, huharibu chembechembe nyekundu na kumwachia upungufu wa damu. Kokwa za aprikoti huzalisha sianidi. Malhamu nyeusi zenye mmea wa sanguinaria huunguza nyama nzima pamoja na mbovu, zikaacha kidonda kilichooza juu na uvimbe ukiendelea chini. Vidonge vya kuzuia oksidi kwa vipimo vikubwa, vikitumika wakati wa mionzi au tibakemikali, vinaweza kuzikinga zile seli ambazo daktari anajaribu kuziua. Na dawa za minyoo zina kisa cha ajabu: mwaka 2019 zilivuma habari za Mmarekani aliyesema amepona saratani ya mapafu kwa fenbendazoli, dawa ya minyoo ya mbwa, wengi wakisahau kutaja kwamba alikuwa pia kwenye jaribio la tiba ya kuamsha kinga ya mwili. Watu wakainunua kwa ajili yao wenyewe, halafu sifa ile ikarudi tena kwa mbwa. Wengine wakahamia ivermektini, dawa nyingine ya vimelea. Mbwa wa aina ya Collie na jamaa zake wengi wana kasoro ya kurithi ya jeni, iliyotambuliwa mwaka 2001, inayoruhusu ivermektini kwa wingi kuingia ubongoni. Wanaweza kufa kwa dozi ambayo mbwa mwingine angeimudu. Kasoro hiyo hiyo huwafanya wadhurike zaidi na vinkristini na doksorubisini, ndiyo maana daktari makini huuliza nasaba ya mbwa kabla ya sindano ya kwanza.

Madhara makubwa zaidi, kwa maoni yangu, hayatoki kwenye chupa. Yanatoka kwenye kalenda. Uvimbe wa seli za masti wa daraja la chini, ukikatwa wote mapema, mara nyingi huwa ndio mwisho wake. Ukipakwa dawa ya majani kwa miezi mitatu ukakua hadi kwenye kiungo, upasuaji uliokuwa mwepesi unakuwa wa kukata mguu. Na asiyetumia mitishamba asijione salama: mbwa mwenye limfoma akianzishiwa prednisoloni, dawa ya steroidi, peke yake ili kusubiri kidogo, atachangamka kwa mwezi mmoja au miwili, na seli zake zitakuwa zimejifunza kustahimili dawa zitakazofuata.

Hofu ya tibakemikali ndiyo inayowasukuma wengi upande wa pili, na hofu hiyo imeazimwa kutoka kwa binadamu. Kwa mbwa, dozi hupangwa chini zaidi kwa kuwa lengo ni maisha mazuri, hata kama ni mafupi. Wengi hawanyonyoki manyoya, isipokuwa wale ambao manyoya yao hayaachi kukua, kama Poodle. Limfoma isiyotibiwa humwacha mbwa na takriban wiki nne hadi sita. Kwa mchanganyiko wa dawa uliozoeleka, zaidi ya mbwa wanane kati ya kumi huingia katika kipindi ambacho ugonjwa hauonekani, na muda wa kati wa kuishi hukaribia mwaka. Kwa hemanjiosakoma mizani ni nyingine kabisa: upasuaji na doksorubisini kwa kawaida hufikisha miezi minne hadi sita. Hapo simlaumu mtu anayesema hapana. Tiba ni ghali, safari za hospitali zinamchosha mnyama, na miezi miwili ya nyongeza si lazima iwe miezi ambayo mbwa mwenyewe angeichagua.

Anayesema hapana hana haja ya kukimbilia unga wa uyoga ili ajisikie hajamtupa mbwa wake. Ipo tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso bila kulenga kuponya, nayo ni kazi kamili ya kitabibu. Maumivu yapimwe na kutibiwa kwa dawa za mbwa. Ibuprofeni ya kwenye kabati la nyumbani huharibu tumbo na figo zake. Saratani ya mfupa ina maumivu ambayo simwamini mtu anayeahidi kuyatuliza kwa majani. Mionzi michache, au hata kukatwa mguu, humwondolea mbwa mateso hata kama haimwondolei ugonjwa, na mbwa wa miguu mitatu hujifunza kukimbia mapema kuliko bwana wake anavyojifunza kumtazama. Ndani ya mpango wa namna hiyo sina ugomvi na mtu anayeongeza akupancha, tiba ya kudunga sindano nyembamba mwilini, au kipimo cha mafuta ya samaki, mradi daktari anajua kila kinachoingia mdomoni.

Daktari wa Marekani Alice Villalobos alitunga mizani ya kupima hali ya mnyama aliye katika hatua hiyo. Ina vipengele saba: maumivu, njaa, maji mwilini, usafi, furaha, uwezo wa kutembea, na kama siku nzuri ni nyingi kuliko mbaya. Kila kipengele hupewa alama kutoka 0 hadi 10, na jumla ikivuka 35 maisha bado yanabebeka. Naipenda kwa sababu inamrudisha mbwa katikati ya mazungumzo. Nashauri ijazwe kila wiki na watu wawili wa nyumba moja, kila mmoja peke yake, kisha karatasi zilinganishwe mbele ya daktari. Zikitofautiana sana, hapo pa kuanzia pameshapatikana.